Albert Szent-Györgyi: munganga aliyepata vitamini C, kisha akatangaza vitamini iliyofutwa

Kila mtu anayepika anajua jambo hili: kiazi, ndizi au avoka ikikatwa na kuachwa wazi, inageuka rangi ya kahawia. Ndimu au chungwa likikatwa halibadiliki hivyo. Wengi wanakamulia ndimu juu ya avoka ili isiharibike rangi, na mambo yanaishia hapo.

Karibu miaka 100 iliyopita, munganga kijana wa Hungaria hakukubali yaishie hapo. Aliitwa Albert Szent-Györgyi. Kwa kufuata swali hilo la jikoni, alifika kwenye vitamini C na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Kabla ya tuzo hiyo alikuwa ametangaza vitamini nyingine, aliyoiita P, ambayo baadaye wataalamu waliifuta kwenye orodha. Vitamini C imemletea sifa, lakini ile iliyofutwa inatusaidia zaidi leo, wakati dawa nyingi za mimea zinauzwa sokoni na kwenye simu kwa ahadi kubwa.

Mtoto aliyedharauliwa na mjomba

Szent-Györgyi alizaliwa Budapest tarehe 16 Septemba 1893, wakati Hungaria ilikuwa bado sehemu ya dola la Austria-Hungaria. Ukoo wa mama yake ulikuwa wa wasomi. Mjomba wake, Mihály Lenhossék, alikuwa profesa mkubwa wa elimu ya viungo vya mwili. Kijana mwenyewe hakupenda vitabu alipokuwa mdogo, na mjomba aliona wazi kwamba huyu hatafika popote katika sayansi. Kijana alipobadilika na kuanza kushinda masomo, mjomba alilegea kidogo kidogo.

Mwaka 1911 aliingia masomo ya uganga. Kazi yake ya kwanza ya utafiti, katika labo ya mjomba, ilihusu ngozi ya njia ya haja kubwa. Baadaye katika maisha alipenda kutania kwamba alianza sayansi upande wa nyuma.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimkuta bado mwanafunzi. Alipelekwa mbele kama munganga wa jeshi. Kufikia mwaka 1916 alikuwa amechoshwa na mauaji ambayo hakuona maana yake. Alijipiga risasi mwenyewe kwenye mkono, akasema ni adui aliyempiga, akarudishwa nyumbani. Mwaka 1917 alimaliza masomo na kuoa.

Baada ya vita, dola lilivunjika na Hungaria ikabaki maskini. Szent-Györgyi alizunguka na mke wake na mtoto wao mdogo kutoka muji hadi muji: Pozsony, Prague, Berlin, Hamburg, Leiden, kisha Groningen huko Uholanzi. Ilikuwa miaka ya mshahara mdogo na kazi zisizo na uhakika.

Swali la rangi ya kahawia

Huko Groningen ndipo alipoanza kuuliza juu ya mimea inayogeuka kahawia. Ndani ya viazi na pome kuna vitu ambavyo wanakemia wanaviita polifenoli. Mimea inavitengeneza kwa wingi ili kujilinda na wadudu, na magonjwa. Ndivyo vinavyoipa chai na kahawa sehemu ya ukali wake, na ndivyo vinavyokausha ulimi ukila ndizi mbichi.

Mmea ukiwa mzima, polifenoli zinafungiwa katika chumba kimoja cha seli, na kimeng'enya kinachozichoma kwa oksijeni kinakaa katika chumba kingine. Kati yao kuna ukuta mwembamba sana, utando wa seli. Kisu kikipita, utando unapasuka, vitu viwili vinakutana, hewa inaingia, na rangi ya kahawia inatokea.

Szent-Györgyi alichunguza pia mimea isiyogeuka kahawia. Alichukua dawa ambayo kwa kawaida inageuka bluu mara moja ikikutana na kimeng'enya cha mmea, akaongeza maji ya ndimu. Rangi ya bluu ilichelewa, kama sekunde moja hivi. Mtu mwingine angesema sekunde moja si kitu. Yeye alifikiri ndani ya ndimu kuna kitu kinachorudisha nyuma kazi ya oksijeni mpaka chenyewe kiishe, ndipo rangi inatokea.

Alikuwa na sababu nyingine ya kufuata jambo hilo. Kuna ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, unaoitwa Addison, ambao unageuza ngozi ya mgonjwa kuwa nyeusi zaidi kuliko kawaida yake. Alijiuliza kama tezi hizo zina kitu kilekile kinachozuia ndimu isigeuke kahawia. Akaanza kukitafuta ndani ya tezi za ng'ombe.

Lakini profesa aliyemlinda Groningen alifariki, na aliyemfuata hakuipenda kazi yake. Mwaka 1926 Szent-Györgyi alijikuta bila kazi. Alirudisha mke na mtoto Hungaria na kukata tamaa kabisa. Kabla ya kuacha yote, alikwenda kwenye mkutano mkubwa wa wanasayansi huko Stockholm, Uswidi. Frederick Gowland Hopkins, Mwingereza aliyeheshimiwa kuliko wengi katika elimu hiyo, alitoa hotuba na katikati yake akataja kazi ya kijana huyo. Szent-Györgyi alimfuata baada ya hotuba, na Hopkins akamkaribisha Cambridge.

Huko Cambridge alifaulu kutoa ndani ya tezi, na ndani ya machungwa na kabichi, chembechembe nyeupe za kitu kipya. Hakujua ni nini hasa, ila ni jamaa ya sukari. Kwa utani alipendekeza majina mawili ya Kiingereza yenye maana ya kwamba yeye hajui, na kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mhariri wa jarida hakucheka. Mwaka 1928 kitu hicho kilitangazwa kwa jina la kawaida zaidi, asidi ya heksuroni.

Pilipili ya Szeged

Serikali ya Hungaria ilimwita nyumbani, akapewa nafasi ya profesa katika chuo kikuu cha Szeged, muji wa kusini mwa inchi. Mwaka 1931 akaja kwake kijana Mmarekani wa asili ya Hungaria, Joseph Svirbely, aliyekuwa amefanya kazi ya vitamini C huko Pittsburgh. Wakati ule, vitamini C lilikuwa jina tu. Ilijulikana kwamba kuna kitu ndani ya matunda kinachozuia kiseyeye, ugonjwa uliowaua mabaharia wengi kwa kuwatoa damu kwenye fizi na chini ya ngozi. Hakuna aliyekuwa amekishika kitu hicho mkononi.

Svirbely alikuwa na ujuzi wa kuwapima simbilisi, wanyama wadogo ambao kwetu Kivu wanafugwa kwa nyama. Kama binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C, na akikosa matunda na majani mabichi anakufa kwa kiseyeye. Szent-Györgyi alimpa akiba ndogo ya asidi yake. Simbilisi waliopata asidi hiyo waliishi. Wale waliokosa walikufa. Kitu kilichotafutwa kwa miaka mingi kilikuwa kimekaa kwenye chupa yake.

Mwaka 1932 kulizuka ugomvi. Profesa Charles Glen King wa Pittsburgh, aliyemfundisha Svirbely, alitangaza jambo hilohilo wiki chache kabla ya Szeged. Kwa miaka mingi watu walibishana nani alitangulia. Kati ya mabishano hayo, Szent-Györgyi alikuwa na shida kubwa zaidi: chupa ilikuwa imekaribia kuisha, na tezi za ng'ombe hazikupatikana kwa wingi Szeged.

Jibu lilikuja wakati wa chakula cha jioni. Mke wake alimwekea pilipili nyekundu tamu, paprika, ambayo Szeged inajulikana kwayo. Hakutaka kuila, na hakutaka kusema hivyo mbele ya mke. Akakumbuka kwamba hajawahi kuipima, akaichukua na kwenda nayo labo. Kabla ya usiku kwisha, alijua kwamba paprika imejaa kile alichokuwa anatafuta. Kwa majuma machache alikuwa na zaidi ya kilo moja ya vitamini C, mahali ambapo zamani alihesabu gramu. Aligawia wanasayansi wa inchi nyingine bila kudai malipo. Kwa akiba hiyo Norman Haworth wa Birmingham alifaulu mwaka 1933 kuonyesha umbo la molekuli yake. Mwaka 1937 wote wawili walipata Nobel, Haworth ya kemia, Szent-Györgyi ya uganga.

Vitamini iliyokuja na kuondoka

Kabla ya tuzo hiyo, munganga mmoja wa Austria alimwandikia barua. Alikuwa anaumwa ugonjwa wa kutoka damu ovyo ndani ya mwili na alitaka kujaribu vitamini C. Szent-Györgyi wakati huo hakuwa na vitamini safi ya kutosha, akamtumia maji ya paprika yaliyokamuliwa tu, yenye vitamini C na mambo mengine mengi ndani yake. Mgonjwa akapona.

Baadaye, yeye na rafiki yake munganga István Rusznyák walijaribu tena kwa wagonjwa wa namna hiyo, sasa kwa vitamini C safi. Hawakuona mabadiliko. Kitu kichafu kilikuwa kimeponya, kitu safi kikashindwa.

Wakahitimu kwamba ndani ya paprika kuna kitu cha pili kinachokaza mishipa midogo ya damu ili isivuje. Walikitafuta, na katika paprika na ndimu wakafika kwenye kundi la polifenoli zinazoitwa flavonoidi. Mchanganyiko walioutoa kwenye ndimu wakauita sitrini. Walipowapa wagonjwa, baadhi waliacha kuvuja damu. Mwaka 1936 walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamepata vitamini mpya. Waliipa herufi P, kwa ajili ya neno la upenyaji, maana mishipa ilikuwa inapenyeza kile ambacho inapaswa kuzuia.

Neno vitamini lina maana kali: ni kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila kukipata katika chakula, na mtu akikikosa lazima augue. Kwa vitamini C, simbilisi walikuwa wameonyesha hivyo bila shaka. Kwa vitamini P, majaribio ya kwanza ya simbilisi yalitoa matumaini, lakini yaliporudiwa, matokeo hayakuwa yaleyale. Wachunguzi wengine walijaribu pia na hawakuona kitu. Szent-Györgyi na wenzake walieleza kwamba sitrini inasaidia tu kama mnyama amepata angalau vitamini C kidogo. Maelezo hayo yaliondoa nusu ya dai, kwa sababu kitu kinachosaidia vitamini nyingine si lazima kiwe vitamini chenyewe.

Hakuna aliyewahi kuonyesha ugonjwa unaotokana na kukosa flavonoidi peke yake. Mwaka 1950 wataalamu wa Marekani walishauri jina la vitamini P liachwe. Szent-Györgyi alikuwa ameshahamia kazi nyingine, ya misuli, ambako yeye na kundi lake la Szeged walionyesha jinsi protini mbili, aktini na miosini, zinavyofanya msuli ujikaze. Wengi wanasema kazi hiyo ingemstahilisha Nobel ya pili.

Mwanasayansi anayewindwa

Kati ya mambo hayo vita vilikuja tena. Hungaria ilikuwa upande wa Ujerumani, na Szent-Györgyi aliwachukia wafuasi wa Hitler waziwazi. Mwaka 1943 alikwenda Istanbul, Uturuki, akisema ni kwa mhadhara wa sayansi. Kwa kweli waziri mkuu wa Hungaria alijua safari hiyo: alitumwa kwa siri kuuliza Waingereza na Wamarekani kama inchi yake inaweza kutoka vitani. Wajerumani waligundua, na Hitler mwenyewe akakasirika. Szent-Györgyi aliwekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake. Mwaka 1944 jeshi la Ujerumani lilipoingia Hungaria, alitoroka na kuishi mafichoni, kwa muda akifichwa na ubalozi wa Uswidi, huku polisi wa siri wakimtafuta.

Vita vilipokwisha, Wasovieti walimheshimu na watu wengine walimtaja kama mtu anayeweza kuongoza inchi. Lakini aliona rafiki zake wakikamatwa na uhuru ukipungua. Mwaka 1947 alihamia Marekani, Woods Hole, kijiji cha bahari katika jimbo la Massachusetts, na hakuondoka tena huko. Mke wake wa pili, Márta, alifariki kwa kansa mwaka 1963. Mwaka 1969 kansa ikamchukua pia binti yake wa pekee, Nelli. Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafuta chanzo cha kansa, na tena mawazo yake yalikimbia mbele ya ushahidi. Alifariki tarehe 22 Oktoba 1986, akiwa na miaka 93.

Kile alichokigusa bila kukiona

Je, basi, mgonjwa wa Austria aliponaje? Kwa mtu mmoja haiwezekani kujua. Wagonjwa wengine wanapona wenyewe. Ila wazo kwamba polifenoli zinagusa kuta za mwili halikuwa la bure. Szent-Györgyi hakuwa na vyombo vya kuona ni ukuta gani.

Mwaka 1925, alipokuwa bado Uholanzi, watafiti wawili wa Leiden, Gorter na Grendel, walichukua mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, na kukuta yanafunika eneo mara mbili ya ngozi ya chembe zenyewe. Walihitimu kwamba utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zilizobebana. Leo tunajua unene wake ni kama sehemu tano za milioni za milimita moja. Upande wa nje na wa ndani kuna vichwa vinavyopenda maji. Katikati kuna mikia ya mafuta inayoyakataa. Utando huo si mgumu, unatembea kama mafuta ya kupikia, na ndani yake zimepandwa protini ambazo ni milango na masikio ya seli.

Polifenoli nyingi ni molekuli bapa. Zina pete zinazokubali mafuta, na pembeni zina vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyopenda maji. Kwa hiyo molekuli kama kwesetini, inayopatikana ndani ya kitunguu, haizami kabisa katika mafuta wala haibaki kabisa majini. Inajipenyeza mpakani, chini kidogo ya vichwa, na kushikana navyo. Katekini kubwa za chai ya kijani, zenye vikundi vingi zaidi vya kushikilia, zinanata kwenye utando kwa nguvu kuliko zile ndogo.

Hapo zinaweza kufanya mambo mbalimbali. Zinaweza kuzuia moto wa oksijeni usiendelee kutoka mkia mmoja wa mafuta hadi mwingine, kazi inayofanana na ile ya vitamini C kwenye ndimu. Zinaweza kukaza utando au kuulegeza, kulingana na aina na wingi wake. Utando ukibadilika, protini zilizomo zinabadilika pia, hata kama polifenoli haijazigusa.

Hilo la mwisho limeleta tahadhari. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vitu kadhaa vya mimea vinavyosifiwa sana, kama vile rangi ya manjano ya binzari na katekini za chai, vinabadilisha kazi za protini nyingi zisizohusiana kwa sababu tu vinasumbua utando. Katika chupa ya labo, kitu kama hicho kinaweza kuonekana dawa ya magonjwa kumi. Mtu akinywa chai, kiasi kidogo tu kinaingia katika damu, tena kikiwa kimebadilishwa na matumbo na ini. Dozi ya labo na dozi ya kikombe si kitu kimoja.

Kwa msomaji wa Bukavu, Goma au Butembo, eneo linalolima chai na kahawa, maana yake si kwamba mimea haina faida. Matunda, mboga na maharagwe yanabaki chakula bora. Lakini mtu akileta kidonge na kusema polifenoli zake zinaziba kila mshipa na kuponya kila seli, kuna maswali ya kumuuliza, yaleyale yaliyoishusha vitamini P: Kitu hicho kikisafishwa, bado kinaponya? Wengine wakirudia jaribio, wanaona vilevile? Na wagonjwa wasiokipata, wao wanakuwaje?

Mwaka 1987, mwaka mmoja baada ya kifo chake, chuo kikuu cha uganga cha Szeged kilipewa jina lake. Katika muji huohuo paprika bado inaanikwa kila mwaka, na madukani, kwenye lebo za vidonge vya flavonoidi, herufi P inaonekana mara kwa mara, zaidi ya miaka 70 tangu wataalamu walipoomba iachwe.